Nilivyomkosesha Mwalimu tuzo

Barua niliiandika kwenye kimbweta (benchi la saruji la kujisomea nje) kilichokuwa karibu na kibanda cha fotokopi, nikisubiri foleni ipungue. Ilinichukua dakika ishirini. Ilikuwa 2013, mwaka wangu wa pili chuoni, na nilikuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa. Tangazo lilikuwa limekaa ubaoni wiki nzima: wanafunzi wapendekeze mwalimu bora wa mwaka, fomu zirudi Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Mimi nililikumbuka Ijumaa hiyohiyo, saa nane mchana.

Jina halikunisumbua. Niliandika la mwalimu wetu wa takwimu. Tulimwita Mwalimu, basi, kwa kuwa wenzake idarani karibu wote walikuwa Dokta au Profesa na yeye alikuwa bado mhadhiri msaidizi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mvi zimeshaanza kumtembelea. Kilichonisumbua ni ile mistari kumi na tano chini ya swali la "Eleza kwa nini unampendekeza". Nikaijaza yote. Ni mwalimu bora, anajituma, anafika kwa wakati, anawapenda wanafunzi, anaeleweka, ni mfano wa kuigwa katika jamii. Nikaisoma tena, nikaona imekaa vizuri, nikapeleka.

Hakupata. Alipata Dokta mmoja mcheshi ambaye vipindi vyake vilijaa hadi madirishani, na watu wa kozi nyingine walikuja kumsikiliza bila kusajiliwa. Alikuwa na visa vya maisha yake ya masomoni Ulaya, baridi na mabasi na wenye nyumba wakorofi, na alijua kuvisimulia. Pepa zake nazo zilijulikana: desa la mwaka juzi, yale makaratasi ya kunakiliana, lilitosha. Hakuna aliyewahi kupata sapu, mtihani wa marudio, kwake. Sisemi hakustahili. Visa vyake navikumbuka mpaka leo. Somo lake silikumbuki.

Wiki moja baadaye nilikuwa ofisini kwa mkuu wa idara kufuata ratiba ya testi, akaniuliza kama ni mimi niliyempendekeza Mwalimu. Nikasema ndiyo. Akaitoa fomu yangu kwenye jalada, akaisogeza mezani.

"Mwanangu, barua hii ukifuta jina, unaweza kumwandikia hata shangazi yako."

Nilicheka kwa heshima, nikachukua ratiba yangu nikaondoka. Nilipofika nje ndipo aibu ikanishika, maana alikuwa amesema kweli, na shangazi yangu hajawahi kufundisha hata chekechea.

Nikueleze basi nilichopaswa kuandika.

Darasa letu lilikuwa la watu 380 hivi, wengi wetu tuliochagua kozi za maendeleo tukiamini tumeachana na hesabu milele. Tukakuta takwimu ni ya lazima. Muhadhara ulikuwa wa ukumbini, kipaza sauti kinakwaruza, aliye nyuma haoni ubao. Kazi yenyewe ilifanyika kwenye semina, makundi ya watu thelathini thelathini. Yalikuwa yamegawanywa kwa walimu watatu, na mimi kwa bahati nikaangukia kwake.

Siku ya somo la sampuli alikuja na ndoo ya bluu, ile ya kuogea, ndani yake maharage mekundu yaliyochanganywa na kunde. Akasema katika kila punje mia, thelathini ni maharage. Akatoa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, akatuambia kila mmoja apite, achote akiwa amefumba macho, ahesabu punje kumi, aseme ana maharage mangapi, aweke nukta ubaoni. Tukapita. Kwa hesabu ya ndoo kila mtu angepata matatu. Tulipata kuanzia sifuri hadi sita. Mwenzetu mmoja wa Kigoma ndiye aliyepata sifuri, akabaki amesimama na chaki kama mtu aliyeitwa kuchapwa.

"Hujakosea," Mwalimu akamwambia. "Ndoo imekupa ulichopata. Weka nukta yako."

Kisha tukarudia, safari hii kila mtu akihesabu punje arobaini. Ilichukua muda, kipindi kikapita saa yake na hakuna aliyenyanyuka. Tulitarajia kumi na mbili. Nukta zikaanza kukusanyika, wengi wetu tukaangukia kati ya tisa na kumi na tano, na ubaoni kikasimama kichuguu. Kile cha kwanza kilikuwa kimetawanyika kama kuku wamekipekua. Cha pili kilikuwa na kiuno.

Mwalimu alikaa kwenye kona ya meza. "Ndoo ni ileile. Wachotaji ni walewale. Kilichobadilika ni nini?"

Hakujibu yeye. Alisubiri. Nakumbuka jinsi ule ukimya ulivyokuwa mrefu, mpaka yule wa Kigoma akasema, kwa Kiswahili, kwamba ukichota kidogo ndoo inaweza kukudanganya, ukichota kingi inashindwa. Mwalimu akamwambia arudie. Akarudia. "Sasa tuivalishe tai," akasema, na ndipo tukaigeuza kwa Kiingereza cha mtihani, neno kwa neno, pamoja na fomula yake. Tai ndilo neno lake. Kwanza jambo lieleweke likiwa na shati tu, tai baadaye.

(Ndoo ilibaki kwetu. Usiku ule tuliyapika kwa hita tuliyokuwa tumeificha chini ya kitanda, kunde zikaiva mapema, maharage yakabaki mawe. Tukala hivyohivyo.)

Halafu kulikuwa na usahihishaji. Testi yake ilikuwa ikirudi imejaa miduara ya wino mwekundu, na hakuna jibu sahihi hata moja aliloandika. Alizungushia mahali ulipopotea, kisha pembeni: "Rudi hatua ya tatu." Ulikuwa na wiki moja ya kurudi hatua ya tatu, ukirekebisha na kueleza ulichokuwa umefikiri unarudishiwa nusu ya alama ulizopoteza. Kwa hiyo kila testi aliisahihisha mara mbili. Darasa la watu 380, hata ukiligawa kwa walimu watatu. Ukipita ofisini kwake saa mbili usiku taa inawaka, na kwenye kiti cha wageni hukai kwa sababu kiti cha wageni kina makaratasi.

Hakuna hata kimoja cha hivi kilichoingia kwenye ile mistari kumi na tano, na si kwamba nilisahau. Nilidhani tuzo ya chuo kikuu inataka maneno makubwa. Ndoo ya maharage niliiona ni kitu cha kuchekesha, cha kuwasimulia watu wa nyumbani. Pili niliogopa. Lugha ya kufundishia chuoni ni Kiingereza, na nilijiambia nikiandika kwamba anatuelewesha kwa Kiswahili nitakuwa nimemshtaki. Na tatu, matokeo ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, yalikuwa hayajatoka. Ukimsifia mwalimu kwa undani kabla ya matokeo, wenzako watasema unajikomba, na pengine na wewe mwenyewe hujui kama hujikombi. Maneno ya jumla ni salama. Hayamshtaki mtu wala hayakuumbui.

Tunao msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye mambo ya tuzo si kweli hata kidogo. Kizuri kinakaa ofisini saa mbili usiku kinasahihisha.

Miaka ikaenda. Nilimaliza, nikasoma tena, nikaajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi kwenye chuo kingine, na 2018 nikapewa kazi wanayopewa wadogo siku zote: ukatibu wa kamati. Kamati yenyewe ilikuwa ya tuzo za ufundishaji. Nikajikuta upande wa pili wa meza, mbele yangu fomu tisini na sita.

Hamsini na mbili zilikuwa moja. Namaanisha neno kwa neno, zote za darasa moja, zote zikisema mwalimu wao anafundisha kwa "ueledi". Mtu mmoja alitunga akarusha kwenye grupu la WhatsApp, wengine wakanakili pamoja na kosa lake. Kamati ikazihesabu kuwa fomu moja. Huenda mwalimu yule alikuwa hodari kweli, huenda wanafunzi hamsini na mbili walimpenda kwa dhati; hatukuwa na namna ya kujua, kwa sababu hakuna aliyeandika kitu alichokiona kwa macho yake. Nyingine karibu zote zilikuwa barua yangu ya kwenye kimbweta. Anajituma. Anafika kwa wakati. Nilipokuwa nazisoma kwa sauti mbele ya wazee nilisikia masikio yanapata moto.

Zipo tulizozitupa kwa sababu nyingine. Mhadhiri mmoja alizigawa fomu mwenyewe darasani, wiki mbili kabla ya mtihani, akazikusanya mwenyewe. Hilo halikuhitaji mjadala. Tangu siku hiyo nilisisitiza tupokee mapendekezo baada ya matokeo kutoka, na tuwaulize pia waliokwisha kuhitimu.

Mzee mmoja kwenye kamati, profesa wa saikolojia ya elimu, ndiye aliyetusimulia habari za Dokta Fox. Mwaka 1970 huko Marekani watafiti walimchukua mwigizaji, wakampa jina la Dokta Myron Fox na sifa za kubuni, wakamfundisha mhadhara kuhusu nadharia ya hisabati ya michezo katika mafunzo ya madaktari. Mhadhara ulikuwa mtupu, umejaa maneno yanayopingana na mizaha, ila aliutoa kwa bashasha. Wasikilizaji walikuwa madaktari wa akili, wanasaikolojia na watu wa ustawi wa jamii, wasomi watupu. Walimpa alama za juu. Nilimkumbuka Dokta wetu wa madirishani, nikanyamaza.

Yeye ndiye aliyenielekeza pia kwenye utafiti wa Scott Carrell na James West, uliochapishwa 2010, kuhusu Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani. Pale wanafunzi hawachagui mwalimu, hupangiwa kwa bahati nasibu, na wote hufanya mtihani mmoja, kwa hiyo unaweza kulinganisha. Waligundua kwamba walimu waliowainulia wanafunzi alama za somo lenyewe walipewa tathmini nzuri, lakini kwa wastani wanafunzi wao walifanya vibaya zaidi kwenye masomo ya mbele yanayolitegemea somo hilo. Nilisoma hilo usiku nikarudia mara mbili. Maana yake aliyekusumbua unaweza kumwona mbaya, na faida yake ukaja kuiona mwaka unaofuata, ukiwa umeshajaza fomu ya tathmini na umeshampa mbili.

Katika zile tisini na sita kulikuwa na moja fupi, mistari saba, mwandiko wa haraka. Mwanafunzi aliandika kwamba alikosa vipindi vitatu kwa sababu ya kujifungua. Mwalimu wake alimwita, hakumpa notisi. Alimwambia aeleze alichosoma peke yake nyumbani, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwonyesha kwamba alianza kupotea palepale alipoanza kuruka kurasa kwa ajili ya mtoto. "Tukaanza kwenye ukurasa ule," iliishia hivyo. Mwenyekiti aliivua miwani. Kisha akasema tuombe jalada la huyo mwalimu.

Si kwamba tuzo hizi ni kitu kikubwa sana. Ni cheti, bahasha isiyo nene, na picha na Makamu Mkuu wa Chuo. Kupanda cheo chuoni kunategemea zaidi machapisho, na anayesahihisha kila testi mara mbili hana muda wa kuchapisha. Mzee mwingine wa kamati alisema wazi kwamba tuzo ya ufundishaji ni pole kwa asiyechapisha. Watu walicheka. Mimi niliandika kwenye muhtasari kwamba mjumbe alitoa maoni. Na wanaofundisha kwa mkataba wa kipindi kimoja kimoja hawakuruhusiwa hata kupendekezwa, ingawa mmoja wao alikuwa amebeba nusu ya vipindi vya mwaka wa kwanza.

Mwaka 2021 chuo changu cha zamani kikatangaza kwamba hata wahitimu wanaweza kupendekeza. Nikampigia Mwalimu. Wakati huo alikuwa ameshapata uzamivu, kwa hiyo kila mtu alimwita Dokta isipokuwa sisi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama CR."

Nilimweleza ninachotaka kufanya, nikamwomba ruhusa. Hiyo nilishajifunza: anayependekezwa hutakiwa kutoa mitihani yake, muhtasari wa kozi, tathmini za miaka, ukimpendekeza kimyakimya umempa kazi asiyoijua. Akauliza nitaandika nini. Nikasema, kwa mfano, kwamba kila mara alirudisha testi ndani ya wiki mbili.

"Kila mara? Mara ngapi?"

"Zote, Mwalimu."

"Zilikuwa ngapi?"

Nikanyamaza.

"Nenda kahesabu," akasema, akakata simu.

Nikatafuta watu. Zangu zilishapotea zamani, lakini yule wa Kigoma alikuwa Singida, anafanya kazi halmashauri, na mkewe alikuwa bado analo sanduku la chuma la shuleni lililojaa makaratasi ya chuo. Akanitumia picha. Testi nne, kila moja ikiwa na tarehe ya kufanywa na tarehe ya kurudishwa, kwa mkono wa Mwalimu. Siku tisa. Siku kumi na moja. Siku kumi na mbili. Na moja siku ishirini na tatu.

Ile ya ishirini na tatu niliikumbuka. Niliikumbuka kwa sababu mimi, nikiwa CR, nilikwenda na wenzangu wawili kwa mkuu wa idara kulalamika kwamba testi hazirudi na UE imekaribia. Tulisema kwa ukali kidogo. Mkuu wa idara alitusikiliza akasema atalifuatilia.

Nikampigia tena, nikamsomea hesabu. Alikaa kimya kidogo.

"Hiyo ya siku ishirini na tatu nilikuwa msibani Kasulu. Nilimzika mama," akasema. "Andika siku ishirini na tatu."

Nikaandika siku ishirini na tatu. Niliandika pia kwamba tulikwenda kumshtaki, kwamba aliporudi alianza kipindi kwa kuomba radhi kwa kuchelewa bila kutaja sababu, na kwamba miduara ilikuwa palepale, hata kwenye karatasi hizo. Nilimuuliza kuhusu Kiswahili, kama niandike. Akasema niandike, ila nisisahau tai. Basi nikaieleza semina ile yote, ndoo na kikombe na sifuri ya mtu wa Kigoma, kwanza kwa shati kisha kwa tai, kwa utaratibu uleule aliotupa. Barua ilifika kurasa mbili na hakuna mahali iliposema ni mwalimu bora.

Kwa ile habari ya jeshi la anga niliomba kitu kimoja zaidi. Nilimwandikia mhadhiri aliyetufundisha mbinu za utafiti mwaka wa tatu, ambaye alitupokea sote kutoka makundi ya semina ya walimu watatu tofauti. Alinijibu nusu ukurasa: wa kundi la Mwalimu aliwatambua bila kuuliza, kwa sababu ukiwaambia wachukue sampuli ya watu kumi walikuwa wakikataa.

Safari hii akapata. Siku ya kukabidhi alivaa kaunda suti ya bluu, akakaa mstari wa nyuma na mkewe, akaitwa, akapigwa picha. Aliporudi alikipa cheti macho mara moja tu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kalamu nyekundu. Jina lake la ukoo lilikuwa limekosewa, herufi moja imeruka. Akazungushia mduara. Sherehe ilipoisha tukaenda naye ofisini walikochapia vyeti. Karani alikuwa kijana mpole. Aliuangalia mduara, akamwangalia Mwalimu.

"Samahani sana, Dokta. Sasa jina sahihi ni lipi?"

"Rudi kwenye fomu," Mwalimu akamwambia, akavuta kiti akakaa kumsubiri.